Upepo umeng'oa paa, kampuni ya bima inataka nisaini milioni tano na laki nne

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nikiwa kwa mdogo wangu Kirumba, ambako tumehamia na watoto. Nyumba yetu iko Igombe, hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Tuliimaliza mwaka 2018, kidogo kidogo, kwa mshahara wa mume wangu na faida ya duka langu la madaftari na sare za shule. Baadaye tukachukua mkopo wa shilingi milioni 40 benki ili kukuza duka, nyumba ikawekwa dhamana. Benki ndiyo iliyotukatia bima ya nyumba. Kampuni sikuichagua mimi. Nilionyeshwa pa kusaini, ada ikakatwa kwenye akaunti yangu, na kila mwaka inakatwa.

Msimu huu wa mvua, alfajiri kabla ya adhana, upepo ulitoka ziwani. Mama, nimekulia hapa ufukweni na upepo naujua, lakini huu ulikuwa unazunguka. Tulisikia misumari ikilia juu, kisha paa la upande wa watoto likaondoka lote pamoja na kenchi zake. Ukuta wa pembetatu ulio juu ya sebule ukaangukia ndani. Mvua ikamalizia: dari ya jipsamu ilishuka vipande vipande, nyaya za umeme zikalowa, magodoro, televisheni na friji vikaharibika. Watoto walikuwa wameshakimbilia chumbani kwetu, hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Bati letu moja tulilikuta kwenye mihogo ng'ambo ya barabara, jingine limejikunja kwenye mwembe ulio upande mwingine kabisa wa nyumba. Jirani wa kulia amepoteza jiko lake la nje. Jirani wa kushoto hajapoteza hata ndoo.

Benki nilitoa taarifa siku ileile na kujaza fomu ya madai. Kampuni ya bima ikamleta mkadiria hasara, kijana mpole, lakini hakupanda ngazi. Alisimama uani akapiga picha kwa simu, akaokota kipande cha mbao kilicholiwa na mchwa kwenye rundo la takataka, akakipiga picha nacho, akaondoka. Mama, kile kipande hakikutoka kwenye paa. Kilikuwa cha banda la kuku.

Sasa barua yao imekuja. Wanasema matengenezo ya nyumba wanayakubali kuwa milioni 18, kama fundi wetu alivyoorodhesha. Lakini nyumba ina thamani ya milioni 60 na bima ni ya milioni 40, kwa hiyo wanahesabu theluthi mbili tu, yaani milioni 12. Hapo wanakata nusu kwa uchakavu na mchwa, inabaki milioni 6. Halafu wanakata asilimia 10 ambayo mteja hubeba mwenyewe. Mkononi nipewe milioni 5 na laki 4. Pamoja na barua kuna karatasi ya kusaini kwamba nimepokea malipo kamili na ya mwisho na sitadai tena.

Nilipokwenda ofisini kulalamika, afisa mmoja aliniambia nikibisha sana wataangalia upya kama kweli kulikuwa na dhoruba, maana rekodi za uwanja wa ndege hazionyeshi upepo mkali asubuhi hiyo, na naweza kukosa hata hizo. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Mume wangu anasema tuchukue, mvua haisubiri. Yeye analala kule kulinda vitu, chini ya turubai. Benki wanasema marejesho ya mkopo yaendelee kama kawaida. Na kuna mtu ametuambia ana ndugu ndani ya kampuni, tukimpa asilimia 20 fedha zitapanda. Mama, nisaini au nisisaini?

Mama wa watoto watatu, Igombe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana wewe, baba watoto na watoto. Kama wote ni wazima, yaliyobaki tunaweza kuyashughulikia.

Usisaini. Karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" ikishapata saini yako, madai yako yamefungwa. Kesho ukigundua kwamba ukuta wa sebule nao umepata ufa, au ukapata ushahidi kwamba hesabu yao ilikuwa na kasoro, watakuonyesha saini yako, na sheria itakuwa upande wao. Hakuna dhambi kukaa na karatasi hiyo bila kuisaini wakati unajibu barua yao. Ofa si amri.

Tuanze na tishio la yule afisa, kwa sababu naona ndilo lililokukosesha usingizi. Kampuni imekwisha kukuandikia barua, imekubali gharama ya milioni 18 na kupiga hesabu mpaka senti ya mwisho. Haiwi rahisi leo kugeuka na kusema hakukuwa na dhoruba. Soma tu barua yao vizuri uone kama wameandika kwamba wanatoa fedha hizo "bila kukubali wajibu". Kama maneno hayo hayamo, simama hapo. Kama yamo, bado una hoja nzito.

Hoja yenyewe ni hii. Ziwa letu lina tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, basi upepo hutoka pwani zote kuelekea ziwani, hewa inakutana juu ya maji, inapanda, na mawingu ya radi yanajengeka usiku kucha. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani huja usiku wa manane au alfajiri, na wavuvi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndani ya mawingu ya namna hiyo panaweza kuzaliwa upepo unaozunguka, ule ambao ukiwa juu ya maji wavuvi huuona kama mnara wa maji unaotembea. Ukifika nchi kavu, njia yake ni nyembamba sana. Unaweza kubomoa nyumba moja na kuiacha ya jirani, kama ulivyofanya kwako. Kipima upepo cha uwanja wa ndege kinapima upepo wa pale kilipo. Kisulisuli kilichopita Igombe, kilomita kadhaa kutoka pale, kinaweza kisionekane kabisa kwenye rekodi zake. Rekodi tulivu ya uwanja wa ndege haithibitishi kwamba kwako kulikuwa kutulivu.

Na ushahidi unao, tena umeniandikia mwenyewe bila kujua uzito wake. Bati moja kwenye mihogo ng'ambo ya barabara, jingine kwenye mwembe upande mwingine kabisa. Upepo wa moja kwa moja huangusha vitu kuelekea upande mmoja. Unaozunguka huvitupa huku na huku. Kama mabati hayo bado yapo, rudi na simu upige picha pale pale yalipo, picha za karibu na za mbali, nyumba yako ionekane nyuma. Chora kwenye karatasi ramani ndogo: nyumba hapa, barabara hapa, mwembe hapa, bati hili lilitua hapa. Piga picha jiko la jirani wa kulia na paa zima la jirani wa kushoto. Mwombe mwenyekiti wa mtaa aje aone kwa macho yake na akuandikie barua yenye muhuri, itaje tarehe, saa na nyumba zilizoguswa. Majirani wawili waandike walichokiona na kusaini. Omba pia taarifa ya maandishi kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu asubuhi hiyo, maana hata kama kipima upepo kilikuwa kimetulia, taarifa yao inaweza kuonyesha kwamba mawingu ya radi na mvua kubwa vilikuwapo ziwani. Hilo peke yake linamwondolea yule afisa maneno mdomoni.

Unapoeleza tukio, mpangilio una maana kubwa. Andika hivi: upepo uling'oa paa kwanza, kisha mvua ikaingia kupitia paa lililong'olewa. Usiishie kuandika kwamba maji yaliingia ndani. Mikataba mingi ya bima inatenganisha maji ya mvua yaliyopita kwenye tundu lililofunguliwa na dhoruba, na maji ya mafuriko yaliyopanda kutoka chini. Marekani, ambako vimbunga vya namna hii ni vya kila mwaka, bima ya kawaida ya nyumba hulipa uharibifu wa upepo lakini mafuriko yana bima yake ya peke yake. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, watu wengi wa pwani ya Mississippi na Louisiana waliishia mahakamani wakibishana na kampuni zao juu ya swali hilohilo moja: nyumba iliangushwa na upepo au na maji? Sisi wa ufukweni tuwe waangalifu zaidi, kwa sababu ziwa hili hupanda. Mwaka 2020 lilipita hata kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee wetu walikuwa wakikisimulia. Mtu asije akakubandikia maji ya ziwa wakati yako yalitoka juu.

Sasa hesabu. Kaa na kalamu, kwa sababu hapa ndipo fedha zako zilipo.

Wamekata mara tatu. Mkato wa mwisho, ule wa asilimia 10, uache. Karibu kila bima ya mali ina sehemu ambayo mwenye mali hubeba mwenyewe, na kama mkataba wako umeandika asilimia 10, hapo hawajakudhulumu.

Mkato wa kwanza, wa theluthi mbili, ni halali kwa kanuni lakini chunguza namba zake. Kanuni inasema ukikatia bima sehemu tu ya thamani ya nyumba, kampuni inakulipa kwa sehemu hiyohiyo, hata kama hasara ni ndogo kuliko kiasi cha bima. Watu wengi hudhani bima ya milioni 40 inatosha kulipa hasara ya milioni 18. Haitoshi kama nyumba inahesabiwa kuwa ya milioni 60. Swali langu kwako ni: milioni 60 imetoka wapi? Kama ni bei ya kuuzia, basi humo ndani kuna kiwanja, na kiwanja hakikupeperushwa na upepo. Bima ya nyumba inahusu gharama ya kulijenga jengo upya, si bei ya ardhi iliyo chini yake. Viwanja vya kando ya ziwa siku hizi bei yake unaijua. Tuseme, kwa mfano tu, jengo peke yake kulijenga upya ni milioni 48. Hapo milioni 40 si theluthi mbili tena, ni sehemu tano kati ya sita, na milioni 18 inakuwa milioni 15 badala ya 12. Milioni tatu nzima kwa kurekebisha namba moja.

Namba sahihi huenda tayari ipo benki. Benki haikupi mkopo kwa dhamana ya nyumba bila kuleta mthamini aliyesajiliwa. Alikuja, akapima vyumba, akapiga picha, akaandika ripoti, na gharama zake kwa kawaida hulipwa na mkopaji. Omba nakala ya ripoti hiyo kwa maandishi. Ripoti nyingi za namna hiyo hutaja thamani ya soko, thamani ya kuuza kwa haraka, na thamani ya kukatia bima, kila moja peke yake. Hiyo ya tatu ndiyo unayoitafuta. Na picha zake zitakuonyesha paa lilikuwaje siku hiyo.

Jambo hili la benki nataka kulikazia, kwa sababu naamini ndilo kiini cha matatizo yako na ya wengi wanaonisoma. Mkopo wako ni milioni 40. Bima yako ni milioni 40. Hilo si jambo la bahati. Benki ilikatia bima deni lake, haikukatia nyumba yako. Kwa benki hilo linatosha: nyumba ikiteketea, deni lao linalipwa. Wewe ndiye unayebaki na pengo. Na kama benki ilikuuzia bima hiyo, ilifanya hivyo kama wakala wa bima mwenye leseni, na wakala ana wajibu wa kumweleza mteja anachonunua. Omba nakala ya fomu ya maombi ya bima. Angalia nani aliandika kiasi cha milioni 40, ni mwandiko wa nani, na kama kuna mahali popote ulielezwa matokeo yake. Kama haupo ushahidi kwamba ulielezwa, mwandikie meneja wa tawi malalamiko rasmi, yatofautiane na malalamiko ya kampuni ya bima. Nimeona benki zikisukuma kampuni kwa nguvu sana zinapogundua kwamba nazo zinaweza kuulizwa.

Tuje kwenye mkato wa pili, wa nusu nzima kwa uchakavu na mchwa. Huu ndio unaoniuma. Paa la mwaka 2018 likatwe asilimia 50, kwa ushahidi wa kipande cha mbao cha banda la kuku? Kataa, lakini ukatae kwa karatasi.

Kwanza angalia mkataba wenyewe, si ile karatasi moja waliyokupa benki. Omba mkataba mzima. Tafuta kama umeandikwa kwamba fidia ni ya kujenga upya kwa vifaa vipya au ni ya thamani ya kitu kilivyokuwa siku ya tukio. Ukiwa wa kwanza, uchakavu hawana haki ya kuukata, mradi umejenga kweli. Ukiwa wa pili, wanaweza kukata, ila waeleze. Waambie wakuorodheshee kila kitu na asilimia yake: mabati, mbao za kenchi, papi, jipsamu, nyaya, matofali, kazi ya fundi. Matofali ya ukuta hayazeeki sawa na rangi. Kazi ya fundi wa leo haina uchakavu wowote, fundi hakujengei kwa bei ya mwaka 2018. Wakilazimika kuandika asilimia kwa kila mstari, hiyo nusu ya jumla haiwezi kusimama.

Kuhusu mchwa, mbao za paa lako bado zipo? Usiziuze kuni, usizichome, na mwambie baba watoto asizitumie kukingia turubai. Zipange mahali pakavu. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, aje apande juu, aangalie zile kenchi zilizobaki, aguse mbao, na aandike ripoti fupi. Kenchi za upande wenu ambao haukuondoka zimejengwa na fundi yuleyule, kwa mbao za mwaka uleule. Kama hazina mchwa, za upande wa watoto zilikuwa nao kwa nini? Aandike pia jinsi mbao zilivyovunjika. Mbao iliyolegea kwa mchwa huvunjika laini na ndani huwa na vumbi na mifereji. Mbao nzima iliyong'olewa kwa nguvu huacha nyuzi ndefu zilizochanika, na misumari hutoka na nyama ya mbao. Piga picha ya misumari hiyo kwa karibu. Fedha utakazomlipa mhandisi ni kidogo ukilinganisha na milioni sita wanazotaka kukata kwa neno moja. Na hata ukishinda hapo tu, bila kugusa kitu kingine, malipo yako yanatoka milioni 5.4 hadi milioni 10.8. Ukirekebisha na ile thamani ya jengo kwa mfano wangu wa juu, yanakuwa milioni 13.5.

Kisha waandikie. Barua fupi, yenye tarehe, nakala mbili, na yako irudi na muhuri wa kupokelewa. Unaweza kuiandika hivi:

"Nimepokea ofa yenu ya shilingi milioni 5.4 na siikubali kuwa malipo ya mwisho. Naomba mnipatie, kwa maandishi: ripoti kamili ya mkadiria hasara, chanzo cha thamani ya milioni 60 na kama inajumuisha kiwanja, kifungu cha mkataba kinachoruhusu kukata uchakavu, na mchanganuo wa asilimia kwa kila kifaa. Kipande cha mbao kilichopigwa picha na mkadiria wenu hakikutoka kwenye paa, na mbao za paa zimehifadhiwa, mnakaribishwa kuzikagua tena mbele ya mhandisi wangu. Wakati hoja hizi zikishughulikiwa, naomba mlipe kiasi ambacho hakibishaniwi kama malipo ya awali, bila mimi kupoteza haki ya kudai kilichobaki."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo jibu langu kwa baba watoto. Ana haki ya kuogopa mvua. Lakini hamlazimiki kuchagua kati ya kuchukua kidogo na kukosa chote. Kampuni inaweza kutoa sehemu isiyo na ubishi huku mengine yakijadiliwa, na zipo zinazofanya hivyo zikiombwa kwa maandishi. Wakikubali, soma tena kila neno la karatasi watakayoleta. Isiwe na neno "mwisho".

Na kuzuia hasara isiongezeke si kosa, ni wajibu wenu. Nunueni turubai zuri, funikeni, mwiteni fundi umeme akate njia iliyolowa kabla mtu hajawasha swichi, na kila risiti itunzwe, kwa sababu gharama za kuzuia uharibifu zaidi nazo mnaweza kuzidai. Msichofanya ni kuezeka upya kabla ya ukaguzi wa pili bila kuwaandikia. Waandikieni kwamba mtaanza matengenezo tarehe fulani, waje wakague kabla. Wasipokuja, mna barua.

Magodoro, televisheni na friji: kama mkataba ni wa jengo tu, hayo hayamo, na ni bora ulijue mapema usipoteze nguvu huko. Angalia tu kama kuna kipengele cha kodi ya makazi ya muda. Kikiwamo, andika siku mliyohamia Kirumba.

Yule wa asilimia 20 mfungie mlango. Mtu wa bima anayefanya kazi halali, awe dalali, wakala au mkadiria, ana leseni ya TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na anaweza kukuonyesha. Huyu anauza ndugu. Siku mambo yakiharibika, jina litakalokuwa kwenye faili ni lako, na kampuni itapata sababu ya kukataa madai yote kwa udanganyifu. Wewe una madai ya kweli, usiyachafue.

Kampuni isipojibu kwa muda wa maana, au ikijibu kwa kurudia yaleyale, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Nenda na faili lako: mkataba, fomu ya madai, barua yao, barua yako yenye muhuri, ripoti ya mhandisi, picha, barua ya mwenyekiti. Waulize pia utaratibu wa kupeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo imewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama wewe ambao hawana fedha za kuweka wakili. Watataka kuona kwamba ulianza kulalamika kwa kampuni yenyewe, ndiyo maana ile barua na muhuri wake ni muhimu. Angalia pia kipengele cha muda ndani ya mkataba, mikataba mingi huweka mwisho wa kufungua shauri baada ya madai kukataliwa, na siku hizo hupita haraka mtu akiwa anafuatilia kwa simu.

Limebaki la marejesho. Msiache kulipa kimyakimya, deni likichelewa litawapa benki nguvu ambayo sasa hawana. Andikeni barua ya kuomba kupangiwa upya marejesho kwa miezi ya matengenezo, muambatanishe picha na barua ya mwenyekiti. Na ndani ya barua hiyohiyo ombeni jambo moja zaidi. Kwa kuwa nyumba ni dhamana, huenda benki imeandikwa kama mpokeaji wa kwanza wa fidia, na hundi ikaenda kwao badala ya kwenu. Wakubali kwa maandishi kwamba fedha ya bima itatumika kurudisha paa, isimezwe na deni. Paa likirudi, dhamana yao nayo imerudi, kwa hiyo hawana sababu nzuri ya kukataa. Barua hiyo ipelekeni kabla ya tarehe ya rejesho lijalo, na mpeane zamu na baba watoto: yeye abaki na fundi na mhandisi Igombe, wewe uende mjini na faili. Kampuni wakikujibu, niandikie walichosema, neno kwa neno.